Majiliwa mawili kwa muuza chuma chakavu: kisa cha karakana ya nyumbani, Isevya, Tabora

Jiliwa langu la kwanza, kile kibano cha benchini cha kushikia chuma, vaisi kama wengi tunavyoiita, lilivunjika saa nne asubuhi nikikunja bapa la chuma la keria ya baiskeli. Halikupasuka polepole. Lilitoa mlio mmoja mkavu, taya la nyuma likalala kando, bapa likaniponyoka na kupiga ukuta. Mpwa wangu aliyekuwa ameshika upande wa pili alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji dakika hiyo hiyo. Mpaka leo nikikumbuka namshukuru Mungu.

Nilikaa na vipande vile muda mrefu. Pale palipovunjika palikuwa pa kijivu, punje punje kama chumvi ya mawe, na katikati palikuwa na vitundu, kimoja kinaingia ncha ya penseli. Jiliwa hilo la inchi nne nililinunua jipya dukani, likiwa linang'aa, na hatukutimiza mwaka pamoja. Vile vitundu ni upepo ulionaswa ndani wakati chuma kinamiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo aliyelitengeneza ana lawama yake. Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Nilichomeka bomba kwenye mpini ili nipate nguvu zaidi.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla. Mpini wa sentimita 25 ukizunguka duara moja, mkono wako umetembea kama sentimita 157. Parafujo inayosogeza taya, yenye hatua ya milimita 6 (umbali kutoka uzi mmoja hadi wa pili), imesogeza taya milimita 6 tu. Kwa hiyo nguvu ya mkono inazidishwa zaidi ya mara 260. Ukivuta mpini kwa uzito wa kilo 20, hata msuguano wa nyuzi ukila robo tatu ya nguvu hiyo, taya bado linabana kwa zaidi ya tani moja. Ukichomeka bomba ukaufanya mpini uwe wa sentimita 75, umezidisha mara tatu tena: karibu tani nne, kwenye jiliwa la inchi nne lenye matundu tumboni. Chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu, kina tabia yake. Kukibana kinavumilia sana, kukivuta hakivumilii. Unapokaza, kitu kilicho katikati kinazisukuma taya zote mbili nje, na kona ya ndani, chini ya taya la nyuma, lile lisilosogea, ndiyo inayovutwa. Langu lilivunjikia hapo hapo.

Nilihitaji jingine haraka kwa sababu bila jiliwa kazi yangu inasimama. Natengeneza keria za baiskeli za wabeba mkaa, nanyoosha foku, napiga tupa kazi ndogondogo. Dukani majiliwa ya inchi sita yalikuwapo, ya aina ile ile iliyonivunjikia ila makubwa zaidi. Niliyagusa nikayaacha.

Jirani yangu mmoja ni mzee mstaafu wa reli. Alikuwa fita, fundi wa kufunga na kurekebisha mitambo. Mji wetu umekuwa mji wa reli tangu njia ya kutoka Dar es Salaam ilipofika hapa mwaka 1912, kisha ikasogea mpaka Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likamalizika 1928. Watu kama yeye wamebakiwa na ujuzi ambao usipowauliza hawausemi. Nilimwendea asubuhi iliyofuata.

“Mwangaluka, mzee.”

“Mwangaluka, mwanangu. Vipi, nimesikia chuma kimekulilia.”

Nilimweleza. Hakunikemea kuhusu bomba. Aliniuliza swali moja: “Pale lilipovunjikia, ulipaangalia siku ya kununua?” Sikuwa nimepaangalia. Niliangalia rangi, nikazungusha mpini, nikalipa.

Kesho yake tuliongozana mpaka Ng'ambo, hapa hapa mjini, kwa muuza chuma chakavu anayetenga vifaa vizuri pembeni badala ya kuvipima kwa kilo. Alikuwa na majiliwa mawili. La kwanza lilikuwa limepakwa rangi ya bluu mbichi, bado linanukia, meno yake yamesafishwa, mpini mpya. La pili lilikuwa chini ya rimu za gari, limeliwa na kutu hata maandishi hayasomeki, parafujo imekwama, na bamba moja la taya halipo. La bluu alitaka Sh 120,000, la kutu Sh 80,000. Nakiri moyo wangu ulikwenda kwa la bluu, na laiti ningekwenda peke yangu ningerudi nalo.

Mzee aliomba nyundo ndogo. Alining'iniza jiliwa la bluu kwa kamba kwenye tawi la mwembe uliokuwapo pale, akaligonga taratibu. Likajibu kwa sauti fupi, butu. Kila aliyewahi kumwona mama yake akinunua chungu sokoni anaijua ile sauti: chungu kizima kinaimba, chenye ufa kinakohoa. Akaligonga la kutu, na licha ya kutu yake yote likatoa mlio uliobaki hewani kidogo. Lakini alinieleza kwamba sauti peke yake haitoshi, kwa sababu jiliwa lililokwama au lenye bamba lililolegea nalo linaweza kutoa sauti butu bila kuwa na ufa.

Ndipo akatoa mfukoni kipande cha chaki. Akamwomba muuzaji mafuta ya taa, akayapaka kwenye kona ya ndani ya jiliwa la bluu, chini ya taya la nyuma, akasubiri kama dakika kumi tukizungumza habari za mvua. Kisha akapafuta pakauka kabisa, akapasugua kwa chaki pakawa peupe. Tukaangalia. Kwa muda hakuna kitu. Halafu ukatokea mstari mwembamba wenye unyevu, unatambaa kutoka kwenye kona kuelekea chini, kama mchwa walioanza njia. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye ufa na sasa chaki ilikuwa inayanyonya. Alipokwangua rangi kwa kisu, chini yake kulikuwa na tuta la kuchomelea, limesawazishwa kwa grenda na kufunikwa. Muuzaji alishangaa kweli. Alilinunua hivyo hivyo, na alituambia hivyo bila kujitetea. Namwamini.

Ufa uliochomelewa kwenye chuma cha kusubu unaweza kupona, sisemi hauwezi. Lakini unataka kupashwa moto wote kwa pamoja, vijiti vya kuchomelea vinavyofaa chuma hicho, na kupozwa polepole sana. Ukichomelea kavu kama unavyochomelea geti, pembeni mwa mchomeleo chuma kinakuwa kigumu kama kioo na kinapasuka tena kando ya kovu. Na ule ulikuwa mahali pabaya kuliko pote.

La kutu tulilipaka chaki vivyo hivyo. Kona ikabaki nyeupe. Parafujo ilikuwa imekwama hivyo hatukuweza kupima uchakavu wa nyuzi kwa kuizungusha, na hapo ndipo palikuwa na hatari ya kweli ya ununuzi huu. Mzee alisafisha nyuzi tatu za mbele, zile zinazofanya kazi sana, kwa brashi ya waya. Zilikuwa za mraba, zenye bega, hazijawa kali kama meno ya msumeno. Nyuzi zilizoliwa huwa nyembamba kileleni. Alishika taya la mbele akalitikisa juu na chini. Lilicheza kidogo mno. Nilitoa Sh 65,000 baada ya mazungumzo mafupi, na mizani ya pale pale ilisema kilo 21.

Nyumbani nililiacha siku tatu likiwa limelowa mchanganyiko wa oili ya gia na mafuta ya taa. Siku ya nne mpini ulikubali robo mzunguko, nikaurudisha, nikaongeza mafuta, nikaupeleka tena. Usilazimishe kwenda mbele tu. Ile kwenda na kurudi ndiyo inayosaga kutu na kuitoa. Kufika jioni parafujo ilikuwa mkononi mwangu, ndefu, nzito, na nati yake ndani haikuwa na ufa. Niliporudisha parafujo kwenye nati na kupima mchezo, mpini ulizunguka chini ya robo kabla taya halijasogea. Robo naikubali. Nusu ningejuta.

Rangi ya zamani sikuipiga grenda. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa au likiangukia uwanja ambao watoto wanachezea ni sumu inayokaa mwilini. Niliikwangua ikiwa imelowa maji, nikakusanya uchafu wake kwenye mfuko.

Kutu niliitoa kwa umeme na magadi. Wengi hapa kwetu wanayajua magadi ya kulainishia maharage, lakini hayo hayo yakiyeyushwa kwenye maji yanapitisha umeme vizuri. Nilichukua nusu ya pipa la plastiki, nikatia maji na magadi yaliyopondwa, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Jiliwa nikalining'iniza katikati likiwa limefungwa kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri ya gari ya volti 12. Pembeni nikazungusha vipande vinne vya nondo vilivyounganishwa na waya wa chanya, visiguse jiliwa. Nondo lazima zizunguke kwa sababu kazi inafanyika upande unaotazamana nazo. Nyuma yake kutu inabaki. Ukikosea ukabadilisha nyaya, jiliwa ndilo litakaloliwa. Chaja yangu ni ya zamani. Nyingi za siku hizi zinakataa kuwaka kama hazijaona betri.

Hapa naomba msomaji asome polepole. Usitumie chumvi ya kupikia badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Usitumie kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, maji yanabeba sumu ya kromiamu. Viputo vinavyotoka kwenye jiliwa ni haidrojeni, inayoshika moto, kwa hiyo kazi iwe nje, mbali na jiko na sigara. Na zima chaja kabla ya kutia mkono.

Asubuhi maji yalikuwa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Nondo zilikuwa zimevimba uchafu. Nilipolitoa jiliwa lilikuwa na utando mweusi, laini, uliotoka kwa brashi na maji, na chini yake herufi zikaanza kusomeka moja moja: Record, na Sheffield, Uingereza. Mpwa wangu alizifuata kwa kidole kama anayejifunza kusoma. Nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya kona nzima na nyuzi nzima, si kwa jina, lakini sitaficha kwamba nilifurahi sana.

Bamba moja la taya lilikosekana na lililobaki lilikuwa limelika. Kwa mhunzi nilipata kipande cha bamba la springi ya lori. Chuma hicho ni kigumu kutoboa, kwa hiyo tulikipasha mpaka kikawa chekundu, tukakizika kwenye majivu kipoe usiku kucha. Kesho yake tupa ilikishika bila taabu. Nilikata mabamba mawili, nikayatoboa, nikayachora mistari ya msalaba kwa tupa ya pembe tatu. Mhunzi alitaka tuyarudishie ugumu kwa kuyachovya kwenye oili. Nilikataa. Yakiwa laini kiasi hicho yanatosha kwa kazi yangu, na yakilika nitayachora tena mwenyewe.

Kilichonisumbua ni skrubu za kuyashikilia. Moja ilikatikia ndani. Za upande wa pili zilitoka, nikaenda dukani na bolti za milimita 8, zikaingia mizunguko miwili zikagoma. Nilianza kudhani kuna uchafu, nikataka kulazimisha. Mzee alinizuia kwa neno moja: “Witiwathi.” Nyuzi za Uingereza za zamani zinafuata kipimo cha inchi alichokipanga Joseph Whitworth mwaka 1841, zenye pembe ya digrii 55, wakati za milimita zina pembe ya digrii 60. Bolti ya 8 na tundu la inchi 5/16 zinakaribiana unene hivi kwamba mkono haugundui, lakini hatua za nyuzi hazilingani, zinaachana kidogo kila mzunguko mpaka zinakamatana. Ukilazimisha, unavua nyuzi ndani ya taya. Nilitoboa matundu yote manne na kukata nyuzi mpya za milimita 10. Ile skrubu iliyokatikia ndani nayo ikatoka humo humo.

Kisha nikakosea. Nililiosha, nikalikausha juani, na kwa kuwa chuma kilichotoka majini kinaanza kushika kutu ndani ya saa chache, nikakimbilia kupaka praima na rangi mchana ule ule. Lilipendeza. Siku ya tano, karibu na tundu la parafujo, rangi ilivimba malengelenge, nikayagusa kwa ukucha ikachunika kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake palikuwa na mafuta. Chuma cha kusubu kina vinyweleo; miaka yote ile kilikuwa kimekunywa oili, na juani kilipopata joto kikaitoa jasho. Maji ya magadi baridi hayakuifikia.

Nilianza upya. Rangi yote nikaikwangua, nikaweka jiliwa kwenye nusu pipa la chuma lenye maji baridi na magadi mengi, nikawasha kuni chini yake. Nilianza na maji baridi makusudi, ili chuma chote kipate joto pamoja. Ukikiweka juu ya mkaa upande mmoja unapanuka kabla ya mwingine na unaweza kujitengenezea ufa ule ule uliokuwa umeukwepa kwa muuza chakavu. Yalichemka saa nzima, juu pakaelea utando wa mafuta. Nikalitoa likiwa moto, likajikausha lenyewe, nikalianika juu ya bati na kulifuta kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi. Kitambaa kikatoka na doa la kahawia. Nikarudia. Mara ya tatu kikatoka kisafi, na hapo tu ndipo nilipopaka.

Rangi ya mwisho nilichagua kijivu cheupe. Mpwa wangu alitaka bluu, na kwa kweli mabaki ya bluu ya asili niliyaona nyuma ya nati. Lakini jiliwa la Ng'ambo lilinifundisha kutaka rangi inayoonyesha. Ufa ukianza kwenye kijivu cheupe nitauona kama uzi wa kutu. Sehemu zinazoteleza, nyuzi na nyuso za taya hazikupakwa rangi kabisa. Parafujo ilipata grisi. Ule mhimili wa taya la mbele, unaokaa wazi juu, sikuutia grisi kwa sababu kiangazi cha Tabora ni vumbi tupu, na grisi ikishika vumbi na chenga za tupa inakuwa msasa. Nikaupaka nta ya nyuki, ambayo mkoa wetu haujaikosa tangu enzi za babu, nimeiyeyusha na mafuta ya alizeti kidogo. Inakauka juu, hainati, na masika yaliyopita haukuota kutu.

Benchi nililitengeneza kwa mbao za mninga za unene wa inchi mbili, jiliwa nikalikaza kwa bolti zinazopenya mpaka chini na washa pana, juu kabisa ya mguu wa meza, si katikati ya ubao. Taya la nyuma nililitokeza nje kidogo ya ukingo, ili bomba refu likibanwa wima lishuke bila kugonga meza. Ukijumlisha kila kitu, jiliwa, mabamba, bolti na rangi iliyopakwa mara mbili, nilitumia Sh 118,000, bila mbao. Jipya la inchi sita nililoligusa dukani lilikuwa ghali kuliko hapo.

Mzee alikuja kulijaribu. Alikata vipande viwili vya karatasi ya daftari, akaweka kimoja kila kona ya taya, akakaza kwa vidole viwili, akavivuta. Vyote vilishika. Akaniambia nibane kipande cha nondo na nipige tupa naye anatazama. Nilipiga mara kumi hivi. Akasema, “Mabega yako yanapanda. Ulipima wapi?”

Nilikuwa nimepima kiwiko changu kwenye uso wa meza. Nilisahau kwamba jiliwa lenyewe lina kimo chake juu ya meza, na taya ndizo zinazotakiwa kulingana na kiwiko. Aliweka kiganja chake wima kati ya kiwiko changu na ncha ya taya, kikajaa na kuzidi. Tulilipindua benchi jioni ile, nikakata sentimita 14 kila mguu, tukalisimamisha. Tupa sasa inakwenda sambamba.